Kamera Ndogo na Haki ya Uso



Ukisimama asubuhi kando ya barabara kuu ya Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kuvuka kwenda Nakonde upande wa Zambia, utaona watu wa kila namna: madereva, wabadilishaji fedha wenye shilingi na kwacha mkononi, vijana wa bodaboda, na akina mama wauza ndizi na maparachichi. Aghlabu kila mmoja wao ana simu yenye kamera. Basi ni nani atakayeshughulika na mtu aliyetoa mfukoni kamera ndogo kama pakiti ya sigara? Hapo ndipo maneno yangu ya leo yanapoanzia.

Kamera ninayoizungumzia ni Panasonic GM1, iliyotoka mwaka 2013. Ukiipima pamoja na betri na kadi yake, bila lenzi, ni gramu 204 tu, na upana wake haufiki sentimita 10. Huitwa kamera isiyo na kioo kwa kuwa ndani yake hamna kile kioo cha kamera kubwa kilichokuwa kikipeleka taswira kwenye tundu la kuchungulia. Hapa nuru hupita kwenye lenzi ikaangukia moja kwa moja juu ya kipande kinachoihisi, nawe ukaiona taswira kwenye skrini. Kiwandani haitengenezwi tena. Yangu niliinunua kwa mtu.

Wapo watakaouliza hukumu ya picha yenyewe. Hilo nawaachia wanavyuoni. Mimi nasema juu ya chombo na mkono unaokishika. Lakini tusisahau kwamba Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, ndiye aliyeeleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho huona kwa nuru inayoliingia kutoka kwenye vitu, wala si kwa miale inayotoka jichoni, na aliichunguza nuru ipitayo kwenye tundu hadi mahali pa giza. Elimu hii si ngeni kwetu.

Sasa, kuna mambo matatu ambayo mpigaji huyashika kwa mkono wake: upana wa tundu la lenzi, muda ambao mlango wa nuru hukaa wazi, na ukali wa kuhisi nuru. Mtu atasema, kwa nini nijitaabishe na kamera yaweza kujiamulia? Nenda Ndolezi, wilaya ya Mbozi, ukakipige picha Kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma kutoka angani lenye urefu wa kama mita 3. Kisogelee hata kijaze picha nzima, uiache kamera ijiamulie. Kitatoka rangi ya majivu! Mashine haijui cheusi wala cheupe. Kila iliwekewalo mbele hulidhania kuwa la katikati.

Na hili si la vyuma peke yake. Mpige mzee mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, amesimama juani baada ya sala ya Ijumaa. Kamera itaiona kanzu, itashtuka kwa weupe wake, itapunguza nuru, na uso wa mzee utazama gizani. Tunazo picha ngapi za harusi na maulidi ambazo nguo zinaonekana na watu hawaonekani? Anayerekebisha kwa mkono huutazama uso kwanza, akaupa nuru inayoustahili, kanzu ikafuata. Kwa jambo hili moja naisifu kamera hii, maana mambo hayo yote matatu imeyaacha chini ya amri ya mtumiaji.

Ila ina aibu zake. Lenzi iliyouzwa nayo, ya milimita 12 hadi 32, haina pete ya kulengea. Ukitaka kulenga mwenyewe sharti uhangaike na skrini. Huo ni mkono au ni kidole? Tena skrini yenyewe juani ni shida kuiona. Nduguye GM5, aliyetoka mwaka 2014, aliongezewa tundu la kuchungulia, na mnunuzi ningemshauri amtafute huyo. Betri huisha baada ya picha mia mbili na kitu, na vumbi la malori ni adui yake.

Aibu kubwa kuliko zote wengine huiona ni sifa. Mlango wake wa kawaida hauendi kasi kuliko sehemu 1 ya 500 ya sekunde. Zaidi ya hapo hutumika mlango wa umeme, nao hauna sauti hata kidogo. Huisoma taswira mstari baada ya mstari, hata lori lipitalo mbio hutoka limeinama kama mnazi. Hayo ya lori yavumilika. Lakini kamera ndogo isiyosikika ni chombo gani hicho, ndugu msomaji, kama si cha kuvizia? Kupelelezana kumekatazwa waziwazi katika Suratul Hujurat.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe nilivizia. Mama mmoja alikuwa amekaa chini ya mwavuli akipanga maparachichi yake, nami nikampiga kutoka ubavuni kimya kimya, nikadhani nimefanya ustadi. Akaiona skrini.

“Mwanangu, hiyo ni mimi?”

“Shikamoo mama. Ndiyo, ni wewe. Nisamehe.”

“Marahaba. Ungeniambia, nikafunga kilemba changu vizuri.”

Sikuwa na jibu. Nilimfutia ile picha mbele ya macho yake, naye akazidi kushangaa: mbona naifuta, nani kaniambia niifute? Akafunga kilemba, akaketi sawasawa, akamwita na mjukuu wake. Kivuli cha mwavuli kilikuwa kizito na barabara nyuma yake iling'aa kwa jua, basi nikafungua tundu la lenzi, nikaongeza muda, nikauacha ule mwanga wa barabara uungue. Mara hii niliurudisha mlango wenye sauti. Aliposikia “ka!” alicheka, na hicho kicheko ndicho kilichoingia katika picha ya pili.

Nimeichapisha kwenye karatasi, nakala mbili. Moja ni ya mjukuu.