Jicho la Kamera na Heshima ya Msiba

Kila jamii ina utaratibu wake wa kuipokea habari ya kifo. Wahenga wetu walisema kwamba kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaonya wale wanaolilia mambo yasiyowahusu kuliko wenyewe. Lakini tukiitazama vizuri, tutaona kwamba imebeba pia kanuni ya utangazaji wa habari: inaeleza ni nani anayestahili kujua kwanza, na mgeni aingie msibani kwa hatua gani. Katika makala haya tumekusudia kuipima kwa kanuni hiyo kazi ya waandishi wa habari wa televisheni wanapokutwa na mauaji ya kiongozi. Mfano wetu mkuu ni kifo cha Tom Mboya wa Kenya.

Mboya aliuawa kwa risasi mjini Nairobi mchana wa Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alikuwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, na pia Katibu Mkuu wa chama cha KANU. Miongoni mwa waliowahi kufika mahali pale alikuwa mpiga picha Mohamed Amin, kijana wa Nairobi aliyeianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, huku Dar es Salaam mwaka 1963. Amin aliingia ndani ya gari la wagonjwa na kupiga picha wakati daktari akijitahidi kumrudishia Mboya pumzi. Juhudi hizo hazikufaulu. Picha zile zilisafiri mbali, na Amin akatunukiwa nchini Uingereza tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka 1969.

Tuuhukumuje mkanda ule? Wako watakaosema upesi kwamba kumwelekezea kamera mtu anayekata roho ni utovu wa adabu. Sisi hatukubali kuifunga kesi kwa urahisi namna hiyo. Kwanza, mpiga picha ni shahidi. Kiongozi wa watu si mali ya nyumba yake peke yake, na kifo chake kwa mkono wa mtu ni jambo ambalo umma una haki ya kulijua. Pili, palipo kimya uvumi hutawala. Mtu aliyeona daktari akihangaika hadi dakika ya mwisho hawezi kudanganywa baadaye kwamba marehemu aliachwa bila msaada. Kwa sababu hiyo mkanda ule ni hati ya historia, na ujasiri wa aliyeupiga unastahili sifa.

Lakini hati si tanzia, na hapa ndipo upungufu unapoanza. Mshairi wa Kiswahili anapotunga tanzia hamwanzii marehemu kwenye pumzi yake ya mwisho. Humtaja jina, humtaja kwao, huhesabu matendo yake, huwapa pole waliobaki, na kifo chenyewe hukitia mahali pake katika safari nzima ya uhai. Msikilizaji huondoka akijua ni nini kilichopotea. Kamera iliyoingia katika gari la wagonjwa ilitenda kinyume chake. Ilimpa mtazamaji wa ng'ambo, ambaye huenda hakuwahi kulisikia jina la Mboya, mwili ulio taabani kabla ya kumpa mtu. Mtazamaji huyo hakumwona kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, wala mtu aliyewatafutia mamia ya vijana wa Afrika Mashariki nafasi za masomo Marekani. Mgeni aliingia ndani ya kilio kabla ya kujua ni nani anayeliliwa. Kosa hilo si la mpiga picha, kwa kuwa yeye alipiga kilichokuwa mbele yake. Ni la wahariri, ikiwa hawakuyajaza maneno yaliyopungua.

Upungufu wa pili ni mkubwa zaidi. Jicho la kamera huona mkono, halioni nia. Mtu aliyeitwa Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa kwa mauaji yale, akatiwa hatiani mwaka huohuo, na serikali ikatangaza kwamba amenyongwa. Hata hivyo swali la nani aliyemtuma halikunyongwa pamoja naye. Siku ya ibada ya wafu mjini Nairobi, tarehe 8 Julai, ghasia zilizuka nje ya kanisa na polisi wakatumia mabomu ya machozi. Watu hawakuwa na kiu ya picha za kifo. Walikuwa na kiu ya jibu, na picha haikuwa nalo.

Tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa Nairobi tu. Tarehe 24 Novemba 1963, siku mbili baada ya Rais Kennedy wa Marekani kuuawa, mshtakiwa Lee Harvey Oswald alipigwa risasi na Jack Ruby ndani ya jengo la polisi mjini Dallas, wakati televisheni ikionyesha tukio moja kwa moja. Umati wa Wamarekani ulishuhudia kwa macho yao, na bado ubishi juu ya mauaji ya Kennedy haujaisha hadi leo. Kuona, basi, si kujua.

Katika msiba huohuo wa Kennedy tunapata pia mfano mwema. Mtangazaji Walter Cronkite alipoletewa habari kwamba Rais amefariki, aliwaambia watazamaji kwamba habari hiyo bado haijathibitishwa rasmi. Ilipothibitika ndipo alipoitangaza, na sauti yake ikakwama kidogo. Huyo aliiheshimu kweli, na kwa kuiheshimu kweli aliwaheshimu wafiwa. Kinyume chake kilionekana Misri tarehe 6 Oktoba 1981, Rais Sadat alipopigwa risasi katika gwaride lililokuwa likitangazwa na televisheni ya taifa. Matangazo yalikatwa, na tangazo rasmi la kifo likachukua saa kadhaa. Haraka isiyothibitisha ni aibu, lakini kimya kinachoficha nacho ni aibu vilevile.

Na sisi je? Sheikh Abeid Amani Karume alipouawa Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972, Visiwani hakukuwa bado na televisheni, na Tanzania Bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994. Katika vijiji kama Mitundu, huku kwenye miombo ya kusini ya Itigi, habari za namna hiyo zilikuwa za kusikilizwa redioni, kisha zikasimuliwa na aliyesikia kwa asiyesikia. Redio ilikuwa na kasoro zake, kwani msikilizaji alipokea kile tu alichopewa. Lakini neno lina staha moja ambayo picha haina: humfikia msikilizaji akiwa na nafasi ya kuinamisha kichwa. Macho hayana pazia, nayo picha huyavamia kabla moyo haujajiandaa.

Leo jambo hili si la wapiga picha wa Nairobi na Dallas peke yao. Simu ya mkononi imemfanya kila kijana kuwa Mohamed Amin, bila mafunzo na bila mhariri. Ajali ikitokea barabarani, picha ya maiti huweza kumfikia mama mzazi kabla ya mjumbe wa ukoo kubisha hodi. Hapo kilio huanzwa na wa mbali, na mfiwa huingia mwisho. Huko ni kuipindua methali, na ni kuupindua utu.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wauingize mjadala huu darasani. Mwanafunzi anapoitazama picha ya kifo, ajiulize maswali manne: Aliyekufa ni nani? Wafiwa wamekwisha kujua? Habari imethibitishwa na nani? Na picha hii inashindwa kuonyesha nini? Mwandishi wa habari anayeweza kuyajibu maswali hayo, kamera yake na iingie msibani, maana ataingia kama shahidi. Asiyeweza kuyajibu, na asimame nje ya uzio pamoja na wageni wengine, angoje wenyewe walie kwanza.