Doa si Rangi: Uhakiki wa Istilahi za Kupaka Mbao za Nje

Mtu anayetaka kuhifadhi mlango wa nje, madirisha au ua wa mbao ana njia tatu kuu. Aweza kuzipaka mbao rangi ya kufunika. Aweza kuzipaka vanishi. Au aweza kuzipaka ile rangi nyepesi inayozama ndani na kuacha nyuzi za mbao zikionekana. Njia mbili za kwanza zina majina yaliyokwisha kuzoeleka. Ya tatu haina jina lililotulia, na kila mfasiri huiita apendavyo. Katika makala hii tunakusudia kuyapima majina hayo, kwani madhara yake hayaishii kwenye karatasi.

Jina la kwanza ni doa. Chanzo chake ni dhahiri: neno la Kiingereza linalofasiriwa lina maana zaidi ya moja, na mfasiri mwenye haraka huchukua ile anayoijua. Lakini katika Kiswahili doa ni alama ya uchafu, na kumtia mtu doa ni kumwaibisha. Isitoshe, doa lenyewe lina kazi yake katika maelezo haya haya. Mbao zenye tanini nyingi zikigusana na misumari ya chuma na kupata unyevu hufanya madoa meusi, nayo yapasa kuondolewa kabla ya kazi kuanza. Mfasiri aliyekwisha kuita rangi doa atalazimika kuandika: “Ondoa doa, kisha paka doa.” Msomaji afanye lipi?

Jina la pili ni rangi, bila kifafanuzi. Neno hili ni pana mno: ni wekundu wa ua, ni kilichomo koponi, ni kinachotiwa ukilini. Anayeambiwa apake rangi atafanya kama alivyozoea ukutani, yaani atapaka tabaka nene na kuliacha likauke. Rangi inayozama haitaki hivyo. Baada ya muda mfupi ziada yake hufutwa kwa kitambaa. Isipofutwa hubaki juu ikinata. Aidha, haiingii kamwe mahali ambapo utando wa rangi ya zamani haujakwanguliwa. Hapa upungufu wa jina umeharibu kazi nzima.

Jina la tatu ni vanishi ya rangi. Hili lapotosha kwa namna nyingine. Vanishi hutanda juu ya mbao kama ngozi angavu. Mwanga wa jua hupenya ngozi hiyo, huharibu uso wa mbao chini yake, na hatimaye ngozi hupasuka na kubanduka. Mwenye nyumba hana budi kuikwangua na kupiga msasa. Rangi inayozama haina ngozi ya kubanduka. Hupauka pole pole, na chembe zake za rangi hupunguza makali ya jua. Ikipauka, mbao husafishwa, huachwa zikauke na kupakwa tena. Vitu viwili vinavyochakaa kwa namna mbili havistahili jina moja.

Wapo wanaopendekeza tuseme steini. Hatuna chuki na maneno ya kukopa. Rangi yenyewe ni neno lenye asili ya Kiajemi, na vanishi na brashi yamekwisha kuwa yetu. Hata hivyo, neno la mkopo humfaa aliyekwisha kukiona kitu. Asiyekijua halimfundishi lolote, hali lugha yetu inalo neno lililo tayari.

Mafundi husema ukuta au ubao “unakunywa rangi”. Katika usemi huo mna maelezo yote tunayoyahitaji. Tunapendekeza, basi, istilahi rangi ya kunywesha, na kitenzi kunywesha: nywesha mbao, ngoja kidogo, futa ziada. Huenda ikadaiwa kuwa kunywesha ni kwa mifugo. Tunajibu kwamba kitenzi kilichokwisha kuvuka kutoka kwa mnyama hadi ukutani hakitashindwa kufika mlangoni. Tena dhana yenyewe si ngeni kwetu. Katika pwani yetu mbao za jahazi zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ili ziyanywe, na chini ya chombo ikapakwa shahamu iliyochanganywa na chokaa ili itande juu. Waunda vyombo walitenganisha kinachozama na kinachotanda kabla ya makopo ya dukani.

Liko jambo moja zaidi ambalo ni zito kuliko yote. Rangi nyingi za namna hii hutengenezwa kwa mafuta ya kitani, yaani mafuta ya mbegu za kitani. Tumeona yakiandikwa “mafuta ya katani”, kana kwamba yametokana na mkonge. Herufi moja imebadilisha mmea. Mafuta hayo hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewani, na katika kukauka hutoa joto. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yakirundikwa pamoja yaweza kuwaka yenyewe pasipo kiberiti. Mfasiri anayeandika “tunza matambara vizuri” atamfanya msomaji ayakunje na kuyaweka kabatini. Yafaa iandikwe: “Tandaza matambara nje, moja moja, mpaka yakauke, au yaloweke majini ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko.”

Kwa walimu wa ufundi, tunashauri vitenzi vitatu vifundishwe pamoja: kufunika, kutandaza na kunywesha. Kwa watumishi wanaoandaa mikataba ya ujenzi, tunakumbusha kwamba “milango ipakwe rangi” ni sharti lisilo na mpaka: mkandarasi aliyefunika mbao nzuri za mninga kwa rangi nzito atakuwa ametimiza mkataba, na mwenye jengo hatakuwa na la kudai.