Mgonjwa Haulizwi Uji? Maoni juu ya filamu ya Mar adentro



Katika tuzo za Oscar za mwaka 2005, filamu mbili zenye swali moja zilirudi nyumbani na zawadi. Million Dollar Baby ya Clint Eastwood ilichaguliwa filamu bora ya mwaka, na Mar adentro ya Alejandro Amenábar, kutoka Hispania, ikawa filamu bora ya lugha ya kigeni. Zote mbili zinahusu mtu aliyepooza kuanzia shingoni, mwenye akili zake timamu, anayeomba asaidiwe kufa. Ile ya kwanza wengi wetu tumeiona. Hii ya pili ndiyo ninayotaka tuizungumze, kwa sababu kisa chake ni cha kweli, na kwa sababu swali lake sasa linabisha hodi majumbani mwetu.

Ramón Sampedro alikuwa baharia wa pwani ya Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania. Mwezi Agosti 1968, akiwa na miaka 25, alijitosa baharini kutoka kwenye mwamba wakati wimbi limeyavuta maji. Kichwa kikagonga mchanga, shingo ikavunjika. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Alilala kitandani zaidi ya miaka 29. Mwaka 1993 alianza kuziomba mahakama zimruhusu asaidiwe kufa bila ya msaidizi wake kushtakiwa. Zilimkatalia. Januari 1998 alikufa kwa sumu aliyopewa kwa siri. Rafiki yake, Ramona Maneiro, alikamatwa kisha akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Mwaka 2005, muda wa kumshtaki ulipokwisha kupita, alitamka mwenyewe kwenye televisheni kwamba ndiye aliyemsaidia.

Kwanza nitoe haki yake. Javier Bardem anaigiza kwa uso na sauti tu, na inatosha kabisa. Ramón wake si mtu wa kulialia. Anatania, anabishana, anapendwa na wanawake. Kuna pahala anainuka, anasogeza kitanda, anakimbilia dirishani na kuruka juu ya vilima mpaka ufukweni. Kisha tunamkuta amelala pale pale. Dakika chache hizo zinaeleza alichopoteza kuliko hotuba yoyote.

Lakini mimi ni mhandisi, na katika kazi yetu daraja halipimwi kwa baiskeli. Linapimwa kwa malori yaliyojaa. Hoja nayo ni hivyo hivyo. Ndani ya filamu anakuja padri Mjesuiti, naye amepooza kama Ramón, na amechagua kuishi. Hilo ndilo lori zito kuliko yote! Msanii angefanya nini nalo? Amenábar amelifanya kichekesho. Kiti cha magurudumu hakipandi ngazi, kwa hiyo padri anabaki chini na kijana frateri anapanda na kushuka akibeba majibu, mpaka wawili wale wanaishia kupigiana kelele kutoka ghorofa moja hadi nyingine. Tunacheka, na padri anaondoka akionekana mtu wa majivuno. Muumini anayeamini kwamba uhai ni amana ya Mungu hakujibiwa. Na yule mlemavu anayesema, "Mbona mnadhani maisha kama yangu hayafai kuishi?", naye hakujibiwa. Vikundi vya kutetea walemavu huko Marekani viliilalamikia Million Dollar Baby kwa jambo hili hili, na nadhani walikuwa na hoja.

Nguvu ya kweli ya filamu hii imo kwa mtu anayesema machache: Manuela, shemeji yake Ramón. Ndiye anayemlisha, anayemwosha, anayemgeuza usiku asipate vidonda. Padri amewahi kudokeza kwenye televisheni kwamba labda Ramón amekosa mapenzi ya watu wake. Manuela anamjibu uso kwa uso, na kwa maneno machache tu padri hana la kusema. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na Manuela akiulizwa maoni yake kuhusu kifo, anasema hayana uzito, la muhimu ni anachotaka Ramón mwenyewe. Kumbe kaka yake Ramón, José, mume wa Manuela, aliacha bahari kwa ajili ya mgonjwa, naye anakataa katakata mtu ajiue ndani ya nyumba yake. Ndani ya nyumba moja yenye mapenzi kuna majibu mawili, na filamu ina heshima ya kutomfanya yeyote kati yao mbaya.

Wasomaji wengi wa kurasa hizi wanaishi kwa kazi ya Manuela. Tunatunza wazee wa watu London, Leicester na Minneapolis, usiku kucha. Tunajua kwamba mzee anayesema asubuhi "nimechoka kuishi" huenda jioni akauliza kesho kuna chakula gani. Tunajua pia wapo wanaosema hivyo mwaka mzima bila kubadilika. Ramón alikuwa wa aina hii ya pili.

Tazama sasa kilichotokea kwa kuwa sheria ilifunga mlango. Ramón aliigawa kazi ya kifo chake vipande vidogo vidogo kati ya marafiki, ili pasiwe na kipande kimoja kinachotosha kuwa kosa. Kama mhandisi, naukubali ustadi wake, na unanitisha. Mitambo ambayo kila mtu anashika kipande na hakuna anayewajibika kwa kitu kizima ndiyo inayoleta maafa. Alifia mbali na nyumba aliyoishi, bila daktari, mbele ya kamera. Mkanda halisi ulionyeshwa na televisheni ya Hispania, na haukuwa usingizi mwanana. Filamu inakata mapema. Hapo naona imetuficha gharama ambayo ingeipa nguvu hoja yake yenyewe.

Hispania ilibadilisha sheria mwaka 2021. Mgonjwa huomba mara mbili kwa maandishi, siku zisizopungua 15 kati ya ombi na ombi. Daktari wa pili hushauriwa, na tume huchunguza kabla. Daktari asiyekubali kwa dhamira yake halazimishwi. Mtu anaweza kuipinga sheria hiyo kwa imani yake, lakini angalau inajulikana nani kafanya nini. Tuangalie pia tofauti moja. Juni 2025 wabunge wa Uingereza walipitisha, kwa kura 314 dhidi ya 291, mswada kwa ajili ya England na Wales kabla ya kupelekwa kwa Malodi. Ulihusu mtu ambaye ugonjwa wake unatarajiwa kumuua ndani ya miezi sita. Ramón hakuwa mtu wa kufa karibuni. Mswada ule usingemgusa, wakati sheria ya Hispania ingemgusa. Kwa hiyo anayesema "naunga mkono" au "napinga" aulizwe kwanza: lipi?

Na sisi je? Kwetu mgonjwa haulizwi uji. Tunapika, tunaleta, anakunywa. Ni methali ya huruma, lakini hospitali za huku hazifanyi kazi hivyo. Hapa England, mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu, hata mashine inayomweka hai. Hilo ni jambo mbali na kusaidiwa kufa, tusiyachanganye. Na akishindwa kuamua, mtoto wa kwanza hapati mamlaka kwa kuwa wa kwanza tu. Inabidi mzee awe amemteua kwa hati, angali na fahamu zake. Asipofanya hivyo, madaktari wataangalia maslahi yake, watusikilize, kisha waamue. Simu kutoka Mombasa na Dar es Salaam zitalia sana siku hiyo, lakini zitakuwa zimechelewa.

Itazameni filamu hii pamoja na wazazi walio nanyi huku. Haimalizi ubishi, na mimi sijamaliza wangu. Ila mkifika pale Manuela anapogeuza mto, izimeni kidogo, mumuulize mama: wewe ungetaka tufanye nini? Kisha mnyamaze, mumsikilize mpaka amalize.