Pongezi kwa walimu wa historia ya dunia, mwaka wa kwanza

Mwanafunzi huingia chuo kikuu akiwa amekariri Vasco da Gama mwaka 1498 na Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885, kila tukio peke yake. Anayemwonyesha namna mambo hayo yanavyoshikana ni mwalimu wa somo la utangulizi, na ni nadra kusifiwa.

Msikilize anapofika Kilwa. Sarafu ya shaba ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa karne ya 14, imepatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari. Dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, ikapakiwa majahazini. Vigae vya vyombo vya Kichina vimefukuliwa kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu mji ule. Hapo pepo za kaskazi na kusi zinageuka kuwa injini ya uchumi wa dunia, na kijana wa Lindi anajikuta katikati ya habari.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina heshima yake hapa. Walter Rodney alifundisha pale, na mwaka 1972 kikatoka kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Wapo wanaokipinga, kwangu bado ni kitabu kinachomfundisha kijana kuuliza.

Nawavulia kofia hasa kwa uvumilivu. Ukumbi umefurika, insha za kusahihisha ni rundo, na bado wanaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Umejuaje?"