Kiitikio cha Mfiwa

Shairi la "Amina", alilotunga Shaaban Robert (1909–1962) kumlilia mkewe, wengi hulisoma upesi mno. Huonja utamu wa vina, wakaliweka kando. Yafaa lisomwe kwa sauti, tena kwa kuhesabu.

Beti zake ni 6, na kila ubeti una mistari minne, kadiri ya mizani 16 kila mstari, nane mbele na nane nyuma. Kina cha mwisho ni -a toka mwanzo hata mwisho. Kina cha kati ndicho chenye siri. Mstari wa nne haubadiliki kamwe. Ndio kiitikio, na kina chake cha kati ni -nga. Katika ubeti wa kwanza mistari mitatu ya juu nayo yaishia kati kwa -nga, hivyo kiitikio kimo nyumbani mwake. Kisha, katika beti nne zifuatazo, mistari ya juu yashika -ke, -ki na vinginevyo. Kiitikio peke yake chabaki na -nga, kama mgeni aketiye katikati ya ukoo wa wengine. Ubeti wa mwisho, panaponenwa ufufuo, vina vya kati vyote vyarudi kuwa -nga. Asemaye kwamba ni bahati tu, na atunge beti sita aone.

Nasi Wasukuma wa Mhunze twajua kuitikia. Katika ngoma za Bagalu na Bagika manju hutangulia, umati humpokea. Hata kanisani pambio ni la wote. Hapa hakuna umati. Mfiwa atangulia, naye mwenyewe ajipokea, mara sita kwa neno lile lile. Kwa hiyo marudio haya si pambo, ingawa wapo walimu wawafundishao watoto hivyo.

Wako Wakristo wasemao shairi hili lisisomwe matangani, kwa kuwa Bwana aliwajibu Masadukayo kwamba wafufukao hawana tena habari ya kuoa. Tena mtunzi alikuwa Mwislamu. Hilo nalo hutajwa. Lakini tazameni neno la kwanza la kiitikio: ni mapenzi, si ndoa. Acheza na maneno mawili, kufunga na kufungua, akidai kwamba fundo lile halina wa kulifungua. Hasemi kwamba patakuwa na arusi ya pili. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho ya kuwa upendo hauna mwisho.

Mimi ningeruhusu lisomwe, ila na msomaji asiyeuharakisha mstari wa nne.