Desa Si Wingi wa Kurasa

Kuna desa la Sheria ya Ushahidi linazunguka kwenye magrupu ya wanafunzi wa sheria, na kila anayelifungua analisifia: eti limekamilika, eti ukiwa nalo sapu huijui. Kurasa tisini na kitu, vichwa vya rangi, masanduku ya njano, kesi zimepangwa kwa alfabeti kama kitabu cha simu. Nimelisoma lote. Aliyeliandaa ana bidii, sikatai, ila hajui desa ni la kazi gani.

Mtihani gani unauliza kwa alfabeti? Swali linakuja na Juma aliyemtambua mwizi saa tatu usiku kwa mwanga wa chemli, na mwanawe wa miaka tisa anayeitwa kizimbani kuthibitisha. Desa zuri linafuata maswali ambayo wakili angemuuliza Juma, kwa mpangilio huo huo.

Hata hilo ningelisamehe kama ningekuta kitu kimoja ambacho anayeanza hakioni kamwe: pembeni ya kila kesi, lile tukio moja lililobeba hukumu. Sisemi kanuni. Kanuni kila mtu anayo. Chukua kesi ya Carlill ya 1893, ya somo la Mikataba. Madesa yote ya mjini yanasema tangazo linaweza kuwa pendekezo kwa dunia nzima. Sawa. Sasa muulize mwenye desa kwa nini tangazo la kuuza ndege katika Partridge v Crittenden ya 1968 halikuwa pendekezo. Anakodoa macho. Kaka mmoja aliyenitangulia Mlimani aliandika pembeni ya Carlill maneno matatu tu: "pauni 1,000 benki." Kampuni iliyoshtakiwa ilikuwa imetangaza kwamba fedha hizo zimewekwa Alliance Bank kuonyesha haina mzaha, kwa hiyo ilipojitetea kwamba yale yalikuwa mbwembwe za biashara, majaji hawakuelewa mbwembwe gani zinazowekewa akiba. Mwenye maneno hayo matatu anaweza kujibu swali lolote la tangazo, hata la muuza simu wa Kariakoo.

Kaka huyo huyo, kwenye kesi ya Waziri Amani ya 1980, ya kumtambua mtuhumiwa, aliandika "umbali, muda, mwanga kiasi gani", na "kiasi gani" akaipigia mistari miwili. Wengine wanaandika "taa ilikuwepo" na kuhamia swali linalofuata.

Halafu kuna matapeli. Palikuwa na jamaa wa steshenari aliyebandika jalada jipya kila mwaka wa masomo kwenye desa lile lile. Aliumbuliwa na watoto. Mwaka 2016 kifungu cha 127(2) kilirekebishwa: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Desa la jamaa likaendelea kumhoji mtoto kama ana akili za kutosha na anaelewa wajibu wa kusema kweli, na wateja wake wakamhoji hivyo hivyo kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Tangu hapo, nikipewa desa lolote la Ushahidi nafungua kwanza kwa shahidi mtoto. Nikikuta mambo ya kabla ya 2016, namrudishia mwenyewe bila kufungua ukurasa mwingine.

Zamani, kabla ya kesi kupatikana mtandaoni kwenye TanzLII, juzuu moja ya ripoti za kesi, TLR, iligombewa na darasa zima, na ukiipata unanakili kwa mkono huku mwenzako amekusimamia kichwani. Mkono ukichoka, unajifunza kuchagua. Leo mtu anabandika aya nzima ya jaji, ratio na obita mchanganyiko, halafu anaita muhtasari.

Kwa hiyo: desa la somo moja lisizidi karatasi nne za fulskepu, pande zote mbili. Usiniulize kwa nini nne. Wino mmoja. Mstari wa chini ni wa jina la kesi peke yake. Mwaka haupigiwi mstari. Njano hapana kabisa. Na liandikwe na atakayeingia nalo kichwani chumba cha mtihani. La kurithi ni la kulinganishia tu, ukishamaliza lako.