Elimu ya bure: kwa msomaji au kwa mwandishi?

Siku hizi mfratri mwenye simu na mega chache za intaneti anaweza kusoma bila malipo maandiko mengi ya elimu ambayo zamani yalifungwa katika maktaba za Louvain na Roma. Jambo hilo ni jema, nasi tunalifurahia. Msingi wake mmoja ni hati fupi iliyotangazwa tarehe 14 Februari 2002, baada ya mkutano wa Budapest, katika nchi ya Hungaria. Wengi wanaitaja, wachache wameisoma. Tumeisoma mara mbili, na tunataka kuipima kwa maneno yake yenyewe, kama tunavyofundishwa kupima hati yoyote.

Hati inaahidi mambo mawili pamoja: elimu ya matajiri iwafikie maskini, na elimu ya maskini iwafikie matajiri. Ahadi ya kwanza imetimizwa kwa sehemu kubwa. Na ya pili je? Kati ya majina 16 ya waliotia sahihi kwanza, hatuoni hata moja la chuo cha Afrika. Wanapofika kwenye gharama, wanataja serikali, wafadhili, vyuo, na wengine tena. Halafu, mwisho kabisa, wanasema kama hata watafiti wenyewe wanaweza kuchanga. Ni neno dogo, limewekwa mkiani mwa orodha. Lakini kwa neno hilo biashara ilipata pahali pa kuingilia. Mwaka wa 2021 gazeti Nature lilianza kudai euro 9,500 kwa makala moja tu, ili iwe wazi kwa wote. Msomaji halipi kitu. Analipa mwandishi, maana yake chuo chake au serikali yake, kama wanayo feza.

Watatujibu kama nchi za namna ya Kongo zinasamehewa. Ni kweli, wachapaji wengi wanayo orodha ya nchi hizo. Ila msamaha huo anautoa mwenye duka, kwa masharti yake. Mwenzetu mmoja, padri mwalimu wa seminari, aliandika pamoja na rafiki wa Ulaya juu ya desturi za matanga katika kijiji alichozaliwa. Msamaha ukakataliwa, sababu mmoja wa waandishi hakutoka nchi maskini. (Urafiki nao ukawa kosa!) Makala iko sandukuni mwake hata leo.

Tusiwaonee watu wa Budapest. Mwaka wa 2022, baada ya miaka 20, wenyewe walishauri kuacha njia ya kumtoza mwandishi. Ni heshima kwao. Lakini mfano mwingine ulikuwako tayari: huko Brazil, tangu 1998, SciELO inatoa magazeti ya elimu kwa msaada wa feza ya serikali, na mengi hayamtozi mwandishi wala msomaji.

Nasi tusijisafishe. Tunapowapima walimu wetu, tunaihesabu makala iliyotoka Ulaya kuwa nzito kuliko ile iliyochapwa hapa, hata kama hii ya hapa imesomwa na wakatekista wa jimbo zima. Mwenzetu yule tumemwomba atupe makala yake ya matanga. Anasitasita bado.